Twende Mombasa kwa Gari Gani?

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa reli mbele ya wanachama wa tawi siku ya Jumapili. Yamechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale waliokuwa kazini.)



Sisi wa reli tumepewa kazi ngumu kidogo leo. Kamati imetutaka tusimame tuseme ni njia ipi iliyo njema kwa mfanyi kazi anayesafiri kutoka mji mmoja hata mwingine: gari la moshi, motokaa yake mwenyewe, ama hizi teksi za stima zilizoingia siku hizi. Wengine wenu mmeanza kucheka tayari. Twajua mnalofikiri. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu wa reli atasifu nini isipokuwa reli? Basi ngojeni kwanza. Tutasema na yale yasiyotupendeza.

Jambo hili halikuja bure. Wajumbe wetu wanne watakwenda mkutanoni Mombasa, na barua tatu zimemfikia Katibu. Ya kwanza yataka tawi linunue tikiti za gari la moshi. Ya pili yasema mjumbe mmoja ana motokaa, apewe pesa ya petroli awachukue wenzake. Ya tatu imetoka kwa vijana wetu, nao wasema dunia imebadilika, tukodi teksi ya stima, haina moshi wala kelele. Barua zote tatu zimeandikwa kwa adabu na zote zina hesabu. Lakini hakuna hata moja iliyotaja habari ya ndugu yetu aliyeketi pale karibu na mlango na fimbo yake. Tumemwomba ruhusa tuiseme, naye ametukubalia, ila jina lisiandikwe.

Ndugu huyu ni mtu wa kiwanda, kazi yake ni ya zamu. Wiki ya Krismasi ya mwaka 2024 alikuwa zamu ya usiku. Alitaka kuwapeleka mkewe na watoto watatu kwa wazee, pwani. Siku tatu kabla alitafuta tikiti za gari la moshi, akaambiwa za siku ile zimekwisha. Akasema si kitu, motokaa ipo. Alitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, akafika nyumbani, akaoga, akafunga mizigo, na saa tatu walikuwa njiani. Hakulala hata dakika moja. Walipofika Makindu mkewe akamwambia, Baba, simama upumzike. Akajibu jibu tunalojibu sisi sote: tutapumzika Mtito Andei.

Hawakufika Mtito Andei. Kati ya Kibwezi na Mtito macho yakafunga. Motokaa ikatoka barabarani, ikapinduka mtaroni. Tunamshukuru Mungu kwamba lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali. Watoto walipata michubuko, mama akaumia bega, na yeye mwenyewe mfupa wa paja ukavunjika. Miezi minne hakufanya kazi. Wengine wenu mlichanga, twawashukuru, lakini mchango wa miezi minne si mshahara wa miezi minne, na ninyi wenye watoto shuleni mwajua Januari ikoje.

Tena huyu si mlevi, wala si mtu wa mbio. Ni mtu aliyekuwa amechoka. Katika nchi yetu watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani mwaka 2022, na zaidi ya 4,000 tena mwaka 2023, na vivyo hivyo mwaka 2024. Magazeti huandika mwendo wa kasi na matairi mabovu. Usingizi hauandikwi sana, kwa kuwa hauachi alama barabarani.

Sasa tushike penseli, maana ndugu yetu naye aliishika, na hesabu yake haikuwa ya kipumbavu.

Reli mpya ilipoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, tikiti ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700, na baadaye 1,000. Tangu tarehe 1 Januari 2024 imekuwa 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa miaka mitatu hata kumi na mmoja hulipa nusu. Barabara ya Nairobi hata Mombasa ni kilomita 480 hivi. Motokaa ndogo iendayo kilomita 14 kwa lita itakunywa lita 35, au karibu na hapo. Mwaka 2025 lita moja ilikuwa kama shilingi 180. Basi petroli ni shilingi 6,300 kwenda tu.

Mtu mmoja peke yake hana haja ya penseli. Ni 1,500, na nauli ya matatu huku na huko, dhidi ya 6,300. Watu wawili ni vivyo hivyo. Lakini mtazameni baba huyu mwenye mke na watoto watatu, mmoja amepita miaka kumi na miwili. Tikiti tatu nzima ni 4,500, nusu mbili ni 1,500, jumla 6,000. Ongeza matatu ya kwenda Syokimau na mizigo, ongeza tuktuk ya kutoka Miritini, utapita 6,300 upesi. Kabla ya mwaka 2024 jamaa ile ile ingalipa 4,000. Twasema waziwazi, ingawa mkate wetu watoka relini: nauli ile ilipopanda, ilimsukuma mwenye watoto kurudi kwenye usukani. Haya tumeyasema kwetu pia, si hapa tu.

Walakini hesabu ya motokaa ina shimo. Mwenye motokaa huhesabu petroli kwa sababu petroli humwona akiitoa pesa mfukoni. Tairi haisemi siku inapolika. Breki, oili, bima, mshipi wa injini, hivyo vyote huja kudai mwezi wa Februari, na hapo hatukumbuki tena safari ya Krismasi. Na liko jambo moja ambalo penseli haliwezi kuliandika, yaani dreva mwenyewe. Petroli ya 6,300 huendesha motokaa. Ni nani aliyelipia saa nane za macho?

Kwa dreva wa basi na matatu sheria imeliona jambo hilo. Kanuni za mwaka 2014 zilisema dreva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Vyama vya wafanyi kazi vimelilia jambo kama hilo miaka mingi, kila mahali. Lakini baba anayewaendesha watoto wake baada ya zamu ya usiku, hakuna askari wala kanuni ya kumsimamisha. Yeye ni tajiri na mfanyi kazi kwa pamoja, na sisi sote twajua hakuna tajiri mkali kama yule mtu anayejiajiri.

Kazini kwetu mambo ni tofauti, na tutaeleza ili msidhani twajisifu. Katika injini hakai mtu mmoja, hukaa wawili, dreva na msaidizi wake. Sigineli ikionekana, mmoja huitaja na mwingine huitikia. Injini za siku hizi zina chombo kinachomwuliza dreva kila baada ya muda mfupi kama yu macho. Asipokijibu kwa kugusa, hupiga kelele, na asipojibu tena, breki hujifunga zenyewe. Si kwamba watu wa reli ni malaika wasiolala. Ni kwamba waliotengeneza injini walikubali tangu mwanzo kwamba mwanadamu husinzia. Motokaa zetu nyingi zilitengenezwa kana kwamba hasinzii.

Na abiria je? Huketi saa tano ama sita akala ndizi zake, akalala. Katika Tsavo ndovu hupita chini ya madaraja naye hana habari. Akifika ana nguvu za kuzungumza mkutanoni. Hilo kwa mjumbe si jambo dogo. Tumewahi kuwa na mjumbe aliyeendesha usiku kucha, na asubuhi walipokuwa wakipiga kura juu ya saa za kazi alikuwa akikoroma kiti cha nyuma. Alicheka mwenyewe baadaye.

Sasa yale yasiyotupendeza. Gari la zamani, la reli ya mita moja iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, lilikuwa pole sana. Lilikwenda usiku kucha, na likichelewa lilikula na mchana. Lakini lilimtoa mtu katikati ya Nairobi likamshusha kisiwani, karibu na Mwembe Tayari, hata anakwenda kwa miguu na sanduku kichwani. Safari hizo zilikoma mwaka 2017. Reli mpya ni ya upana wa milimita 1,435, nayo ni ya upesi, lakini yaanzia Syokimau na kuishia Miritini, na hapo pote ni mbali na mjini. Kutoka stesheni kuu ya Nairobi lipo gari la kukuunganisha na Syokimau, lakini mtu wa Githurai ama Kangemi lazima kwanza afike mjini. Tena lazima mizigo ikaguliwe, mbwa wainuse, nawe uwe umefika saa nzima kabla. Basi mtu asije akadanganywa na neno saa tano. Mlango kwa mlango, mtu wa Githurai aendaye Likoni ahesabu saa tisa ama kumi. Motokaa ingemfikisha kwa saa tisa pia, pamoja na kupumzika kunakopasa. Tofauti ni kwamba katika saa zile za gari la moshi, yeye si dreva.

Na kama waenda mahali ambapo reli haifiki, hatutakuambia upande reli. Hili latuleta kwa teksi za stima.

Vijana, jina hili stima lachekesha kidogo ukilifikiri. Wazee waliliokota kwa Mwingereza, na kwake lahusu mvuke. Injini za kwanza za reli zilikwenda kwa mvuke, na kwa moshi wake watu wakaziita gari la moshi. Sasa Olkaria, tangu mwaka 1981, mvuke utokao ardhini huzungusha mitambo na kutupa stima kweli kweli, na sehemu kubwa ya stima ya Kenya yatoka katika mvuke huo, maji, upepo na jua. Na reli mpya je? Injini zake bado zanywa dizeli. Basi teksi ya stima yenda kwa mvuke, na gari la moshi lenda kwa mafuta ya kununua ng'ambo. Hatuoni haya kulisema. Twangojea siku waya zitakapofungwa juu ya reli.

Wenzetu wanne wa kamati walikwenda semina Naivasha mwaka 2025 kwa teksi ya stima, nasi tulikuwamo. Gari la moshi halikutufaa, kwani stesheni ya upande ule iko huko Suswa, mbali na mji wa Naivasha. Teksi ilitufaa. Ni kilomita 90 kwenda, 90 kurudi, na betri ilikuwa ya kilomita 300 kama dreva alivyosema. Ilikuwa kimya, hata mmoja wetu alidhani imezimika pale Westlands. Wakati wa kurudi, tulipopanda kutoka bondeni kuelekea Kimende, namba ya betri ilianza kushuka upesi kuliko ilivyoshuka asubuhi, na dreva akazima kipepeo cha baridi bila kusema neno. Sisi wa reli tulitazamana tukatabasamu. Injini inayoteremka na mzigo si ile inayopanda nao. Hapana dawa ya mlima, uwe wa moshi, wa petroli, ama wa betri. Lakini tulifika na akiba imebaki.

Mombasa je? Tulimwuliza dreva yule yule. Akatuhesabia kama ifuatavyo, nasi tumeipima hesabu yake. Motokaa kama yake yala yuniti 16 hivi kwa kilomita 100. Kilomita 480 ni yuniti 77. Bei iliyowekwa mwaka 2023 kwa kuchaji magari ya stima ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na nusu yake saa za usiku ambapo watu hawatumii sana, kodi na tozo mbali. Basi stima ya kufika Mombasa ni kama shilingi 1,250. Vijana, mlipiga makofi hapo, na mlikuwa na haki. Petroli ni 6,300!

Lakini betri ya kilomita 300 haifiki Mombasa bila kula njiani. Yataka yuniti 29 hivi zaidi, na akiba kidogo. Ukipata mtambo mkubwa wa kuchaji, ni muda wa kunywa chai na kula ugali, saa moja hivi. Ukipata mdogo kama ule wa ukutani nyumbani kwa tajiri, ni saa tano. Ukichomeka pale mnapochomeka birika, lala, utaamka kesho na bado. Kwa hiyo mtu asiondoke Nairobi na kusema atauliza mbele. Aulize kwanza kwa simu: mtambo uko wapi, ni wa nguvu gani, na leo unafanya kazi? Kwenda, mteremko utamsaidia, kwani Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na gari la stima likizuiwa kwa breki hurudishia betri kidogo. Kurudi atalipa deni lile lote.

Ndipo tukamwuliza bei. Akataja shilingi 25,000. Stima ni 1,250 na yeye ataka 25,000? Tukadhani ametuona washamba. Hapo akatueleza, na hii ndiyo sehemu tuliyotaka ninyi vijana muisikie vizuri. Motokaa si yake. Kila siku ana pesa ya kumpelekea mwenyewe, awe amepata abiria ama hakupata. Programu ya simu inayomtafutia abiria hukata fungu lake. Kurudi kutoka Mombasa huenda akarudi mtupu, na stima ya kupanda ni yake. Akilala Mombasa, chumba ni chake. Kwa hiyo ili apate kitu, hatalala Mombasa. Atawashusha, atachaji, atageuka usiku ule ule. Tulipomwuliza atakuwa ameendesha saa ngapi, alicheka akasema, "Mzee, hizo hatuhesabu."

Na hana chama. Moja ya kampuni za kwanza zilizoleta teksi za stima Nairobi, NopeaRide, ilianza mwaka 2018. Mwisho wa mwaka 2022 kampuni mama kule Ufini ikashindwa na madeni, na za hapa zikafungwa. Magari hayakuwa na kosa. Walioyaendesha walitafuta kazi nyingine, kila mtu na njia yake. Gari likiwa jipya, hali ya dreva yaweza kuwa ya zamani sana.

Basi mtasema, mmetuzungusha, jibu ni lipi? Kamati imekaa mara mbili juu ya jambo hili, na mara ya kwanza tulitoka tumegombana. Mara ya pili tulikubaliana hivi. Wajumbe wanne watakwenda Mombasa kwa gari la moshi, nauli 6,000 kwenda, nayo italipwa na tawi pamoja na matatu. Mwenye kupenda daraja la kwanza ajazie mwenyewe. Safari fupi za siku moja, kama Naivasha ama Machakos, twaweza kukodi teksi ya stima, mradi dreva alipwe muda wake wa kungoja na apate mahali pa kulala tukichelewa. Gharama hiyo iandikwe katika hesabu tangu mwanzo, tusije tukamkomboa mfanyi kazi mkutanoni na kumchosha mwingine nje mlangoni.

Na kuhusu motokaa ya mtu binafsi: tawi halitarudisha pesa ya petroli kwa mtu ye yote aliyeondoka siku aliyotoka zamu ya usiku. Twajua neno hili limewaudhi watatu ama wanne. Wamesema kamati haina haki ya kumwuliza mtu alilala saa ngapi. Labda ni kweli. Lakini kamati ndiyo iliyozunguka na kofia miezi minne, na mlitoa.

Liko jambo moja hatukulimaliza, nalo ni Krismasi. Tikiti zikiisha, maneno yetu yote haya hayamsaidii mwenye watoto. Tumeonelea kila tawi likusanye majina mwezi wa Oktoba, wenye kwenda pwani wawekewe akiba kidogo kidogo kila mshahara, na tikiti zinunuliwe siku ile ile mauzo yanapofunguliwa. Atakayetaka kusimamia daftari hilo amwone Katibu. Asiwe mtu wa reli, ili msiseme tumevutia kwetu.

Wajumbe wampe Katibu namba za vitambulisho kabla ya Ijumaa, maana tikiti hazikatwi bila hizo. Ndugu yetu wa mlangoni naye ni mmoja wa wajumbe wanne. Mtakaokata tikiti, mwombeeni kiti cha kando ya njia, mguu ule bado haukunjiki sawasawa.